Saitimira imevunjika: ubandike kioo, ununue kioo na kibao chake, au uweke nzima ya mtumba?

Asubuhi moja kwenye foleni ya Buguruni bajaji ilinipita kushoto ikiwahi upenyo, nikasikia tak! Nilipogeuka, saitimira ya kushoto ya Toyota IST yangu ilikuwa imelalia mbele, kioo kimebaki vipande vitatu ndani ya kava, na bajaji yenyewe imeshamezwa na magari. Jioni nikapita kwa fundi wa vioo kando ya barabara. Akapima kwa karatasi, akakata kioo, akapaka silikoni na kukibandika juu ya vipande vya zamani. Baada ya dakika ishirini nilikuwa njiani kwenda nyumbani, na bei ilikuwa ya supu na chapati mbili.

Siku ya nne, maeneo ya Tabata, nilitaka kuhamia njia ya kushoto. Nikatazama kioo, nikaona peupe, nikakata usukani. Honi niliyopigiwa bado naisikia. Bodaboda alikuwa ubavuni kabisa, sambamba na mlango wa nyuma, amepakia mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyeguswa, namshukuru Mungu. Niliegesha, nikashuka, nikakiangalia kile kioo mpaka moyo ukatulia, ndipo nikaona kilichotokea. Nilikuwa nimewekewa kioo bapa, kile cha kujitazamia chumbani, mahali palipokuwa na kioo mbinuko.

Tangu hapo nimeshabadilisha saitimira nyumbani kwa mikono yangu mara kadhaa: ya gari langu, ya mke wangu, na za majirani wawili. Njia zinazopatikana kwetu nimezipitia zote, na ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu ambaye leo ameshika kipande cha kioo mkononi na hajui aanzie wapi. Bei kwa shilingi sitaji, maana hubadilika kwa duka na kwa siku. Nitataja ipi ni ghali kuliko ipi.

Kagua kilichovunjika kabla ya kwenda dukani

Watu wengi huingia dukani na kusema "nataka saitimira ya IST", wakatoka wamelipia kitu kizima wakati kilichovunjika ni kioo tu. Saitimira ina sehemu nyingi. Kwa nje unaona kava la plastiki. Ndani yake kuna kioo chembamba kilichogundishwa kwenye kibao cha plastiki, na kibao hicho kimebanwa kwa klipu kwenye mota ndogo inayokigeuza juu, chini, kushoto na kulia. Kisha kuna shingo, ambamo magari mengi ya Japani yana mota ya pili, ya kukunja. Shingo inaishia kwenye kitako kinachofungwa mlangoni kwa nati, mara nyingi tatu, na mara nyingi za spana namba 10.

Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, ubonyeze kitufe cha kurekebisha vioo. Ukisikia mlio wa mota na kuona kibao kikicheza pande zote nne, mota ni nzima. Bonyeza cha kukunja. Kisha shika kava kwa mkono na ulitikise taratibu: likicheza kwenye shingo kama jino bovu, shingo imevunjika ndani hata kama kwa nje haionekani. Kioo kimepasuka lakini mota na shingo ni nzima? Unahitaji kioo na kibao chake tu. Shingo imekatika au mota imekufa? Hapo ndipo unapoanza kuzungumzia saitimira nzima.

Na kama kilichopasuka ni kava la nje tu, usiguse kingine. Kwa magari mengi kava la nyuma hutoka kwa klipu, na huuzwa peke yake.

Kubandika kioo cha kukata

Hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote na ya haraka kuliko zote, na ndiyo nusura initie mashakani. Sisemi kwamba mafundi wa vioo hawajui kazi. Mkono wa yule aliyenihudumia ulikuwa mzuri, kioo kilikaa sawasawa na umbo la kava. Tatizo lilikuwa kioo chenyewe.

Tulifundishwa shule ya msingi kwamba kioo mbinuko huonyesha eneo pana na kufanya vitu vionekane vidogo, na kwamba ndicho kinachofungwa kwenye magari. Tukajibu mtihani, tukasahau. Kioo bapa hukuonyesha kitu kwa ukubwa wake halisi, lakini kipande chenye upana wa kiganja kinakuonyesha kipande chembamba tu cha barabara. Kwa gari lenye usukani kulia, kama yetu, kioo cha kushoto kiko mbali na jicho la dereva, na kadiri kioo kinavyokuwa mbali ndivyo eneo unaloliona linavyosinyaa. Ndiyo maana kioo bapa upande wa abiria ni hatari zaidi kuliko upande wa dereva. Yule bodaboda hakujificha popote. Alikuwa kwenye eneo ambalo kioo cha awali kingelionyesha na kile kipya hakikuweza.

Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya kutazamia nyuma, inataka mbinuko wa vioo vikuu vya pembeni vya magari madogo uwe na nusu kipenyo kisichopungua milimita 1,200, ili vitu visionekane vidogo mno. Kwa hiyo mbinuko umepimwa: ukizidi, gari lililo karibu utaliona kama liko mbali, na ukikosekana hulioni kabisa.

Ukitaka kujua kioo ulichopewa ni cha aina gani, chukua rula ya chuma uisimamishe kwa ukingo juu ya kioo, kwa upana. Kwenye kioo bapa rula inalala yote, huoni mwanga chini yake. Kwenye kioo mbinuko inagusa katikati na kuyumba, na kwenye ncha mwanga unapita. Kioo chenye upana wa sentimita 16 na nusu kipenyo cha mbinuko cha milimita 1,400 huwa kimeinuka katikati kwa zaidi ya milimita 2 kuliko kingoni. Ni kidogo, lakini rula inaonyesha bila ubishi. Kama huna rula, simama hatua mbili mbele ya kioo ujitazame. Ukijiona kama kwenye kioo cha kinyozi, kirudishe.

Kuna ubaya mwingine wa kubandika. Kioo cha dirishani au cha kabati ni kinene kuliko cha gari, na kinawekwa juu ya vipande vya zamani, kwa hiyo mota inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Kwa mwendo wa barabara kuu picha inatetemeka, na usiku taa za gari la nyuma unaziona nne badala ya mbili. Na silikoni ile inayonuka siki hula rangi ya fedha iliyo mgongoni mwa kioo. Baada ya miezi unaona madoa meusi yakitambaa kutoka kingoni. Kama huna budi kubandika, omba silikoni isiyo na harufu ya siki au tepu ya gundi ya pande mbili inayotumiwa kwenye magari, vipande vya zamani vitolewe kwanza, na kioo kikatwe kutoka kwenye kioo mbinuko cha gari lingine. Mafundi wengine wanavyo vioo vikubwa vya malori na mabasi wanavyokata. Uliza waziwazi.

Kwangu mimi, kubandika ni kwa kukufikisha nyumbani au kukuvusha wiki moja ukisubiri mshahara.

Kioo pamoja na kibao chake

Kama kilichovunjika ni kioo tu, hii ndiyo njia yangu, na ndiyo ninayomshauri kila anayeniuliza. Unanunua kioo mbinuko kilichokwisha kugundishwa kwenye kibao cha gari lako, unatoa cha zamani, unabonyeza kipya, basi. Kwa bei kinapita kubandika lakini kiko chini sana ya saitimira nzima. Hakuna waya wa kuunga wala nati ya kufungua, isipokuwa kioo chako kina hita. Hita ni ule utando wa joto ulio mgongoni, wenye waya mbili ndogo. Kwa mtu wa Dar es Salaam hita haina kazi kubwa. Kwa anayeamka Makete au Mufindi ukungu ukiwa umelala juu ya gari, ina kazi, na usikubali kuuziwa kioo kisichokuwa nayo.

Kazi yenyewe naifanya uani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Vaa glovu nzito na miwani. Bandika tepu pana juu ya kioo kilichopasuka ili vipande visikurukie. Kwa kitufe, geuza kioo mpaka upande wa chini uingie ndani kabisa na wa juu ujitokeze. Ukishaona nafasi kati ya kibao na kava, ingiza kijiti cha plastiki au bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, uinue kidogo kidogo huku ukihama, kushoto, katikati, kulia. Klipu zitaachia kwa sauti ya kukatika, usishtuke. Kama plastiki ni ngumu, kitambaa kilicholoweshwa maji moto kikikaa juu yake dakika mbili huilainisha, na drayeri ya nywele inafanya kazi hiyo hiyo.

Ukishatoa, utaona duara la mota katikati lenye meno au pete. Linganisha na mgongo wa kibao kipya. Hapa ndipo wengi wanavunja kioo kipya, maana wanabonyeza kwa kidole kwenye kona. Weka kitambaa kilichokunjwa, tandaza kiganja katikati kabisa, sukuma kwa uzito wa mwili polepole mpaka usikie klipu zikishika moja baada ya nyingine. Kisha vuta kingo kwa ncha za vidole kuhakikisha. Kioo kisichoshika vizuri kitadondoka kwenye tuta la kwanza, na matuta tunayo.

Mara ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa, nyingi ikiwa ya woga. Sasa hivi ni dakika kumi.

Kikwazo ni upatikanaji. Kwa IST, Vitz, Passo, Premio, Noah, Harrier na RAV4 hupati shida Kariakoo, hasa Gerezani, na msomaji wa Nairobi atapata Kirinyaga Road. Kwa gari lisilo la kawaida mjini, utaambiwa "hatuuzi kioo peke yake, chukua kitu kizima". Wakati mwingine ni kweli.

Saitimira nzima: mtumba au mpya?

Tuseme shingo imekatika. Una mtumba kutoka gari lililokatwa Japani, una mpya iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na una mpya ya kampuni ya gari lenyewe. Hii ya tatu naipita haraka: ni nzuri isiyo na swali, na bei yake hunifanya nirudishe simu mfukoni. Mwenye gari la miaka miwili na bima kubwa aichukue. Wenye gari la mwaka 2004 tuendelee.

Kati ya mtumba na mpya ya kampuni nyingine, mimi huchagua mtumba, na nimeshawahi kuchagua mpya nikajuta. Ile mpya ilikuwa inang'aa, imefungwa vizuri kwenye boksi. Baada ya kuifunga nikaona picha ndani yake ina mawimbi kidogo, nguzo ya umeme inapinda ukitikisa kichwa. Shingo ilikuwa legevu, na nikifika kilomita 80 kwa saa inaanza kutetemeka. Pia huja na kava jeusi lisilopakwa rangi, kwa hiyo ongeza gharama ya mpaka rangi. Zipo zilizo bora. Zile za Taiwani, kutoka kampuni kama TYC na Depo, zina heshima yake kwa mafundi, na ukizipata zenyewe usizikatae. Shida ni kwamba boksi likiandikwa jina zuri si lazima kilichomo ndani kiwe na sifa hiyo. Ifungue dukani, fanya jaribio la rula, tazama nguzo au fremu ya mlango kupitia kioo ukihamisha kichwa polepole. Mstari ulionyooka ubaki umenyooka, ukipinda basi upinde kwa utaratibu, usiwe unaruka.

Mtumba wa Japani umetengenezwa kwa gari hilo hilo. Mbinuko ni wake, uzito ni wake, plagi ni yake, na ukibahatika hata rangi ni yake. Tafuta kibati cha namba ya chesisi kwenye gari lako, kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota nyingi utaona namba ya rangi hapo: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Piga picha uende nayo. Muuzaji anayejua kazi yake ataanza kwa kukuuliza chesisi, si jina la gari. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ni NCP60, NCP61 au NCP65, na ya pili ni NCP110, NCP115 au ZSP110. Saitimira za hizi mbili haziingiliani, hata mtu akikuapia.

Kisha hesabu waya. Kwa kawaida plagi yenye waya tatu ni ya kurekebisha kioo tu. Waya tano, inarekebisha na kukunja. Zikifika saba, kuna hita au indiketa juu yake. Plagi ya gari lako na ya saitimira unayonunua zifanane kwa umbo na kwa idadi. Ukiambiwa "tutaunga tu waya", ujue unanunua pia matatizo ya umeme ya mwezi ujao.

Ukiwa bado dukani, omba ipimwe kwa betri. Wauzaji wengi wanayo pembeni. Kioo kigeuke pande zote nne, shingo ikunje na ikunjuke yenyewe. Angalia kingo za kioo kama zina weusi. Pitisha kidole kwenye kitako kutafuta ufa, hasa kuzunguka skrubu. Halafu ikunje na kuikunjua saitimira kwa mkono: inatakiwa kushika kwa mlio mkavu, isilegee katikati.

Ya upande wa Marekani

Siku hizi watu wanaagiza spea mtandaoni, kwa hiyo lazima niliseme hili. IST ya kwanza iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA. Ukitafuta saitimira yake mtandaoni utaletewa za Scion, na picha ni ile ile kabisa. Usinunue. Gari lile lina usukani kushoto, na sheria ya Marekani, kiwango chao namba 111, inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa. Kwa hiyo saitimira ya kushoto ya Scion ina kioo bapa, na kwako kushoto ni upande wa abiria, ule ule ambako unahitaji mbinuko kuliko popote. Ya kulia ndiyo yenye mbinuko, pamoja na maandishi ya Kiingereza ya kuonya kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Utakuwa umegeuza kila kitu juu chini kwa fedha yako mwenyewe.

Jambo hilo linahusu pia spea zinazopitia Dubai, ambako magari huwa na usukani kushoto. Hata kioo kikiwa mbinuko pande zote mbili, mwelekeo wa kibao ndani ya kava umepangwa kwa kiti cha dereva aliyeko upande mwingine. Utakizungusha kwa kitufe mpaka mwisho na bado utakuwa unaangalia anga au mlango wako.

Kuifunga mwenyewe au kumpa fundi

Kufunga saitimira nzima nyumbani ni saa moja kwa asiye na uzoefu. Ndani ya mlango, kwenye kona ya mbele ya dirisha, kuna plastiki ya pembetatu. Ivute kwa kijiti cha plastiki, klipu zitaachia. Nyuma yake utaziona nati tatu na, kwa magari mengine, plagi. Kwa mengine plagi iko chini zaidi na lazima ufungue paneli nzima ya mlango. Ukigundua hivyo na hujawahi kufungua paneli, hapo ndipo ningempa fundi. Klipu za paneli zikikauka huvunjika, na mlango utakuwa unapiga kelele kila siku.

Kama plagi inafikika, endelea. Kabla hujagusa nati hata moja, chukua kitambaa ukisokomeze kwenye uwazi ulio chini yake. Nati ya namba 10 ikikuponyoka itaanguka ndani ya mlango, na utaisikia ikiteremka mpaka chini kabisa, kisha utafungua mlango mzima kuitafuta. Mimi niliisikia. Siku hizi naweka kitambaa kwanza, ndipo nashika boksi spana. Tumia yenye sumaku kama unayo.

Chomoa plagi kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Legeza nati mbili uziondoe, na kabla ya ya tatu mwombe mtu ashike saitimira kwa nje. Mwanangu wa darasa la sita ndiye msaidizi wangu. Toa, pitisha waya wa mpya kwenye tundu lake, hakikisha mpira wa kuzuia maji umekaa bila kukunjika, rudisha nati zote tatu kwa vidole kwanza, kisha zikaze moja moja kwa zamu. Usikaze kwa nguvu zote, kitako kinapasuka. Chomeka plagi, washa swichi, jaribu kila kitufe, na ndipo urudishe pembetatu. Ukiirudisha kabla ya kujaribu, utaivua tena.

Fundi ataifanya kwa dakika ishirini. Sababu ya kuifanya mwenyewe, kwangu, haikuwa fedha ya ufundi. Ni kwamba nilikuwa na uhakika kioo kilichofungwa ndicho nilichokinunua, na nati zote tatu zimerudi. Kama una fundi unayemwamini na unaweza kusimama pembeni yake, mpe.

Ile ya bei ya kutupa

Kila mtu wa mjini anajua saitimira huibiwa kwenye foleni na kwenye maegesho, na nyingine hurudi sokoni. Ukiletewa saitimira kwa bei isiyoeleweka, igeuze kwenye mwanga utazame kioo. Tunachonga namba za magari kwenye vioo na taa kwa sababu hiyo hiyo. Ukiona namba, au mahali palipokwaruzwa ili kuifuta, rudisha. Waya uliokatwa kwa kisu badala ya kuchomolewa kwenye plagi nao hunitia shaka. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kabla ya sheria kuna jambo jepesi zaidi: aliyeibiwa ile jana leo anaendesha bila kioo, na huenda yuko nyuma yako.

Chonga namba kwenye kioo chako kipya siku hiyo hiyo. Wengine huongeza vipande vya bati vilivyopigwa ribiti kwenye kava ili kioo kisichomolewe. Vinasaidia, ila viache nafasi ya kioo kucheza, maana nimeona vilivyobanwa mpaka mota ikaungua. Na siku kioo kikivunjika tena, utatoboa zile ribiti kwanza.

Ukimaliza kufunga

Kioo kizuri kilichoelekezwa vibaya hakina faida. Wengi wetu tunakirekebisha mpaka tuone nusu ya mlango wa gari letu, kana kwamba tunaogopa utaibwa. Mwaka 1995 mhandisi wa Marekani, George Platzer, alieleza njia nyingine, na ndiyo ninayoitumia. Ukiwa umekaa kitini, sogeza kichwa kulia mpaka kikaribie kioo cha dirisha, rekebisha saitimira ya kulia mpaka uone ubavu wa gari lako kidogo tu, ukingoni. Kisha sogeza kichwa katikati ya gari, usawa wa kioo cha ndani, na ufanye hivyo hivyo kwa ya kushoto. Ukikaa sawa, hutaliona gari lako kabisa. Siku mbili za kwanza utahisi umepotea.

Halafu egesha kando ya barabara yenye pikipiki nyingi, mahali salama, injini ikiwa imezimwa. Chagua bodaboda mmoja anayekuja kwa nyuma umfuate. Ataonekana kwenye kioo cha ndani. Akikaribia, kabla hajatoka humo, aanze kuonekana kwenye saitimira. Na kabla hajatoka kwenye saitimira, umwone kwa pembe ya jicho, dirishani. Akipotea hata kwa sekunde moja kati ya hatua hizo, rekebisha tena, au kirudishe kioo ulikokinunua.